Chuma, Hati na Simulizi: Utambulisho wa Magari ya Kale Yaliyopotea na Kupatikana Tena

1.0 Utangulizi

Mwaka 1990, Mahakama Kuu ya Uingereza ilitakiwa kuamua swali ambalo kwa kawaida huachiwa wanafalsafa: je, kitu ambacho karibu sehemu zake zote zimebadilishwa kinaendelea kuwa kitu kilekile? Kitu chenyewe kilikuwa gari la mashindano aina ya Bentley lililojulikana kwa jina la Old Number One. Mmiliki wake alikuwa amekubaliana na kampuni moja kuliuza kwa pauni milioni 10. Baadaye mnunuzi alikataa kukamilisha ununuzi kwa hoja kwamba alichopewa si gari lililoahidiwa. Jaji Otton, aliyesikiliza shauri hilo, alilazimika kufanya kazi ya mwanahistoria: kupima ushahidi wa wataalamu, kuchunguza kumbukumbu, na kufuatilia maisha ya gari moja kwa takriban miaka 60.

Utafutaji wa magari ya kale mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya bahati. Mlango wa ghala unafunguliwa, vumbi linapanguswa, hazina inaonekana. Usimulizi wa namna hiyo huishia mahali ambapo kazi ya mwanahistoria ndiyo kwanza inaanza, kwa maana gari lililopatikana halijielezi lenyewe. Namba ya chasisi inaweza kuwa imegongwa upya, injini inaweza kuwa ya gari jingine, na habari za wamiliki wa zamani zinaweza kuwa zimepambwa na kila aliyezipokea. Kati ya gari la kweli na nakala yake kuna tofauti ya fedha nyingi. Hivyo wapo wenye sababu ya kutaka jibu fulani.

Makala hii inajenga hoja kwamba utambulisho wa gari la kale haukai katika chuma peke yake wala katika hati peke yake, bali katika mfululizo wa ushahidi unaounganisha viwili hivyo. Kutokana na hoja hiyo inazaliwa ya pili: urejeshaji ni tendo la kihistoria. Fundi anayepiga msasa rangi ya zamani, au anayebadilisha kipande kilicholiwa na kutu, huongeza maelezo mapya katika historia ya gari na hufuta mengine ambayo hayatapatikana tena. Hoja hizi zinachunguzwa kupitia mifano minne: Bentley iliyotajwa, Bugatti iliyozama katika Ziwa Maggiore, magari ya Auto Union yaliyopelekwa Urusi baada ya Vita Kuu ya Pili, na mkusanyo wa Baillon uliogunduliwa Ufaransa mwaka 2014.

Ni vema istilahi tatu zitofautishwe tangu mwanzo. Ukarabati, kama unavyotumika hapa, ni kulifanya gari litembee tena. Urejeshaji ni kulirudisha katika hali ya kipindi fulani mahususi cha maisha yake. Uhifadhi ni kulizuia lisiharibike zaidi huku likiachwa kama lilivyo. Katika mazungumzo ya karakana maneno haya huchanganywa, na katika mchanganyiko huo ndimo ushahidi mwingi hupotelea.

2.0 Gari Lililobadilika Bila Kukatika: Old Number One

Old Number One lilikuwa la aina ya Speed Six, lenye injini ya lita 6.5. Lilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, nchini Ufaransa, mwaka 1929 likiendeshwa na Woolf Barnato na Henry Birkin, na likashinda tena mwaka 1930 likiendeshwa na Barnato pamoja na Glen Kidston. Machoni pa waliolitengeneza, gari la mashindano halikuwa urithi wa kutunzwa bali chombo cha kazi. Kati ya shindano moja na jingine sehemu zilizochoka zilitolewa na mpya zikafungwa, na hakuna aliyeona haja ya kuomboleza kipande kilichotupwa.

Kampuni ya Bentley ilifilisika mwaka 1931 na kuchukuliwa na Rolls-Royce, lakini maisha ya gari hayakuishia hapo. Lilifungwa injini kubwa zaidi ya lita 8 na kuendelea kushindana. Septemba 1932, katika uwanja wa Brooklands, liliruka ukingo wa juu wa njia ya mashindano na dereva wake, Clive Dunfee, akafariki. Baada ya ajali hiyo lilijengwa upya kama gari la barabarani lenye bodi ya kufunikwa. Hivyo gari lililofika mahakamani lilikuwa limepita katika mikono ya mafundi wengi, na kila mmoja alikuwa amelitendea kwa mahitaji ya wakati wake.

Uchambuzi wa kipande kimoja kimoja ulionesha kwamba sehemu zilizoweza kuhusishwa kwa uhakika na ushindi wa 1929 na 1930 zilikuwa chache mno. Mnunuzi aliona kwamba jambo hilo linamaliza ubishi. Jaji hakuona hivyo. Kwa mujibu wa hukumu yake, hapakuwa na siku ambayo gari hilo lilikoma kuwapo na jingine likashika nafasi yake. Mabadiliko yalitokea hatua kwa hatua ndani ya historia moja isiyokatika, na hapakuwa na gari jingine, lililopo au lililokwisha kutoweka, ambalo lingeweza kudai jina hilo kwa haki. Muuzaji akashinda.

Umuhimu wa hukumu hiyo kwa historia ni kwamba ilihamisha swali. Badala ya kuuliza ni chuma gani kilichosalia, iliuliza ni mfululizo gani uliosalia. Hata hivyo kigezo hicho kina mpaka wake. Old Number One halikuwahi kupotea. Palikuwa na watu walioliona likibadilika. Swali linalobaki ni namna ya kuamua pale mfululizo unapokatika, yaani pale gari linapotoweka kwa miongo kadhaa na shahidi pekee wa kipindi hicho ni giza.

3.0 Simulizi Mbili za Gari Moja: Bugatti ya Ziwa Maggiore

Agosti 1967, mpiga mbizi aliyekuwa akichunguza habari zilizovuma kwa muda mrefu katika mji wa Ascona, upande wa Uswisi wa Ziwa Maggiore, aliliona gari katika kina cha zaidi ya mita 50. Lilikuwa Bugatti Type 22 ya mwaka 1925, la kundi lililopewa jina la Brescia kwa kumbukumbu ya ushindi wa Bugatti katika mji huo wa Italia mwaka 1921. Kwa miaka mingi baada ya hapo wapiga mbizi walikuwa wakishuka kulitazama. Hatimaye lilipandishwa Julai 12, 2009, kwa lengo la kuchangia mfuko ulioanzishwa kwa ajili ya kijana wa eneo hilo aliyepigwa hadi kufa mwaka 2008.

Kuhusu jinsi gari lilivyofika ziwani, zipo simulizi mbili. Ya kwanza inasema kwamba dereva maarufu René Dreyfus, mshindi wa mashindano ya Monaco ya mwaka 1930, alilipoteza katika mchezo wa karata jijini Paris. Aliyelishinda akalipeleka hadi mpakani mwa Uswisi, akashindwa kulipa ushuru wa forodha, na maofisa wakalitosa majini. Ya pili inamtaja msanifu majengo aliyeishi Ascona katika miaka ya 1930, ambaye aliingiza gari bila kulipiwa ushuru na kisha akaondoka. Gari likashushwa ziwani likiwa limefungwa mnyororo, mnyororo ukaliwa na kutu, nalo likazama hadi chini.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Mwanahistoria hawezi kuridhika na hapo, lakini pia hana haki ya kuzitupa simulizi kwa sababu tu ni simulizi. Historia ya Afrika Mashariki ina uzoefu mrefu wa tatizo hili. Habari za Kilwa zimehifadhiwa katika matoleo mawili, moja la Kiarabu na jingine lililomo katika kazi ya Mreno João de Barros iliyochapishwa mwaka 1552, na matoleo hayo hayakubaliani katika kila jambo. Jan Vansina, aliyefanya utafiti wake Kongo, Rwanda na Burundi, alionesha kwamba mapokeo ya mdomo yanaweza kuwa chanzo cha historia iwapo mtafiti atachunguza njia yaliyopitia na masilahi ya wale walioyahifadhi.

Njia hiyo ikitumiwa kwa gari la Maggiore, mambo kadhaa yanajitokeza. Kwanza, simulizi zote mbili zinakubaliana kuhusu ushuru ambao haukulipwa. Jambo linalotajwa na simulizi zinazopingana katika mengine yote lina nafasi kubwa ya kuwa kiini cha tukio. Pili, simulizi ya karata imebeba jina la mtu mashuhuri, ilhali ile ya msanifu imebeba jina la mkazi wa mahali hapo. Majina mashuhuri huelea kutoka tukio hadi tukio; jina la mkazi wa kawaida halina sababu ya kubuniwa. Tatu, ushahidi wa chuma unaingia kati: katika mabaki ya gari palikuwa na kibati chenye jina la Georges Nielly wa Paris, jina ambalo halihitajiwi na hadithi ya karata. Kibati hicho hakithibitishi simulizi ya pili, ila kinaonesha kwamba gari lilikuwa na maisha ambayo simulizi maarufu haikuyagusa.

Kipande kidogo kama hicho ndicho cha kwanza kupotea katika urejeshaji wa haraka. Gari la Maggiore lilikuwa limeliwa vibaya na kutu, hasa upande uliokuwa wazi majini. Upande uliozikwa kwenye tope ulihifadhika vizuri zaidi. Kulirudisha katika hali ya 1925 kungemaanisha kutengeneza upya sehemu kubwa ya gari, na tofauti kati ya pande hizo mbili, ambayo ni kumbukumbu ya namna lilivyolala kwa miaka zaidi ya 70, ingefutika. Lilipopigwa mnada jijini Paris Januari 2010 liliuzwa kwa euro 260,500, kiasi kilichozidi makadirio ya awali kwa zaidi ya mara mbili, na mnunuzi wake, Peter Mullin, aliliweka katika makumbusho yake huko Oxnard, California, bila kulirejesha.

4.0 Vipande Vilivyotawanywa na Vita: Auto Union

Mfano wa tatu unahusu magari ambayo kutoweka kwake hakukutokana na mtu mmoja bali na vita. Kampuni ya Auto Union, iliyoundwa mwaka 1932 kwa kuunganisha Audi, DKW, Horch na Wanderer, ilitengeneza huko Zwickau magari ya mashindano yenye injini nyuma ya dereva, mpangilio uliokuwa wa pekee wakati huo. Mashindano yao ya mwisho yalifanyika Belgrade Septemba 3, 1939, siku ambayo Uingereza na Ufaransa zilitangaza vita dhidi ya Ujerumani. Tazio Nuvolari alishinda akiendesha gari la aina ya D. Magari yakafichwa katika mgodi wa eneo la Zwickau, na mwaka 1945 jeshi la Kisovieti likayachukua kama fidia ya vita.

Kwa Wasovieti, magari hayo yalikuwa chanzo cha maarifa ya uhandisi. Yaligawiwa kwa viwanda na taasisi, yakafunguliwa, yakapimwa, na mengi yakaishia kuwa chuma chakavu. Mwaka 1976, gari moja lenye injini ya silinda 16 lilikuwa karibu kukatwakatwa katika kiwanda cha ZIL jijini Moscow, likaokolewa na Viktors Kulbergs, kiongozi wa klabu ya magari ya kale ya Latvia, na kupelekwa Riga. Paul Karassik, mkusanyaji wa Marekani mwenye asili ya Kirusi, naye alitumia miaka mingi kufuatilia habari za magari mengine hadi akapata vipande vya aina ya D huko Urusi na Ukraine. Vipande hivyo vilipelekwa kwa mafundi wa Crosthwaite & Gardiner nchini Uingereza, ambao kufikia mwaka 1994 walikuwa wamevigeuza kuwa magari mawili yanayotembea.

Hapa kigezo cha Jaji Otton kinapata mtihani mgumu. Mfululizo ulikatika kabisa: gari lililofungiwa Zwickau halikuwa tena gari moja lilipotoka Ukraine, bali mkusanyiko wa injini, giaboksi na vipande vya fremu ambavyo huenda vilitoka katika magari tofauti. Bodi zilitengenezwa upya. Anayetazama kazi hiyo ya ustadi anaona D ya 1938 au 1939. Anachokiona kwa hakika ni maelezo ya mafundi wa miaka ya 1990 kuhusu namna gari hilo lilivyokuwa, maelezo yaliyojengwa juu ya chuma halisi. Kwamba shaka hii si ya wasomi tu kulidhihirika mwaka 2007, pale gari la aina hiyo lilipoondolewa katika mnada uliokuwa ufanyike Paris ili historia yake ya mashindano ichunguzwe zaidi.

Hatima ya gari la Riga inaongeza swali la umiliki wa kumbukumbu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 gari halisi lilichukuliwa na kampuni ya Audi, mrithi wa Auto Union, na makumbusho ya Riga yakapokea nakala iliyotengenezwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa kigezo cha chuma, Ingolstadt ina gari na Riga ina mfano wake. Kwa kigezo cha historia, miaka zaidi ya 20 ya gari hilo iko Riga: huko ndiko lilikookolewa na watu ambao hawakulitengeneza wala kushindana nalo, bali walitambua thamani yake wakati wengine waliona uzito wa chuma tu. Nakala ya Riga, ikielezwa kwa ukweli kuwa ni nakala, inabeba sehemu hiyo ya historia. Ikionyeshwa bila maelezo, inaificha.

5.0 Vumbi kama Ushahidi: Mkusanyo wa Baillon na Mkataba wa Turin

Katika miaka ya 1950, Roger Baillon, mfanyabiashara wa usafirishaji wa magharibi mwa Ufaransa, alianza kukusanya magari kwa nia ya kufungua makumbusho. Biashara yake iliyumba, sehemu ya magari ikauzwa mwaka 1979, na yaliyobaki yakaachwa chini ya mabanda hadi warithi walipowaita wataalamu wa mnada mwaka 2014. Februari 6, 2015, magari 59 yalipigwa mnada Paris. Miongoni mwake lilikuwamo Ferrari 250 GT California Spider ya mwaka 1961, lililowahi kuwa la mwigizaji Alain Delon, ambalo liliuzwa kwa takriban euro milioni 16.3.

Jambo la kuzingatia ni hali yalimouzwa. Wauzaji hawakuyaosha wala kuyapaka rangi. Mengine yalioneshwa yakiwa na kutu na bodi zilizobonyea. Wanunuzi walikuwa wakilipia, pamoja na gari, uthibitisho kwamba hakuna aliyeligusa. Miongo michache kabla ya hapo, gari la namna hiyo lingepelekwa moja kwa moja karakana, likavuliwa rangi hadi chuma kionekane, na kurudi likiwa linang'aa kuliko lilivyotoka kiwandani. Badiliko hili lina sababu ya kibiashara, lakini lina sababu ya kihistoria pia: tabaka za rangi huonesha mpangilio wa matengenezo, mishono ya viti huonesha mkono wa fundi, na alama za nyundo kwenye bati huonesha namna bodi ilivyofinyangwa.

Msimamo huo ulipewa sura rasmi katika Mkataba wa Turin, uliopitishwa na shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, mwaka 2012. Mkataba unafuata mfano wa ule wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu majengo ya kale. Unatanguliza uhifadhi mbele ya urejeshaji, unatambua kuwa mabadiliko yaliyofanywa wakati gari likitumika ni sehemu ya historia yake, na unataka sehemu mpya zitambulike na kazi yote iandikwe. Kwa lugha nyingine, unamtaka fundi aache nyayo zinazoonekana.

Hata hivyo uhifadhi mtupu nao una udhaifu. Gari ni mashine. Sauti ya injini, uzito wa usukani na harufu ya mafuta ni sehemu ya kile ambacho historia inataka kukielewa, na hayo hayapatikani katika chombo kisichotembea. Kama mafundi wa Crosthwaite & Gardiner wangeviacha vipande vya Auto Union katika masanduku, maarifa mengi kuhusu magari hayo yangebaki kwenye picha. Suala, basi, si kuchagua kati ya kurejesha na kutorejesha. Ni kupima, kwa kila gari, ni ushahidi gani utakaopatikana kwa kulirejesha na ni upi utakaoteketea.

6.0 Hitimisho

Mifano iliyochunguzwa inaonesha daraja nne za uhusiano kati ya chuma na kumbukumbu. Old Number One lilikuwa na chuma kidogo na mfululizo kamili. Bugatti ya Maggiore ilikuwa na chuma chake, lakini historia yake ilikuwa na simulizi zinazopingana. Auto Union zilipoteza umbo na mfululizo, zikabakiwa na vipande. Magari ya Baillon yalihifadhi vyote viwili kwa sababu ya kusahauliwa. Hakuna kigezo kimoja cha kimaada kinachotosha kuyaamulia yote. Kinachoweza kutumika kwa yote ni sharti la kiushahidi: dai lolote kuhusu utambulisho wa gari lioneshe limetegemea chuma kipi, hati ipi na simulizi ipi, na mahali gani mnyororo umekatika.

Kutokana na hayo, kazi ya urejeshaji inapaswa kutanguliwa na uchunguzi unaoandikwa, kuambatana na kumbukumbu ya kila kipande kilichotolewa, na kufuatiwa na maelezo ya wazi kwa umma. Kumbukumbu hizo ziwe na uwezo wa kusafiri pamoja na gari, kwa sababu taasisi nazo hufa: makumbusho ya Oxnard yaliyolipokea gari la Maggiore yalifungwa Februari 2024. Gari lenyewe haliwezi kutembea, na wala si zuri kwa macho ya anayetafuta mng'ao. Ila kibati chake, kutu yake na upande wake uliolala topeni bado vinaweza kuhojiwa na mtafiti atakayekuja na swali ambalo leo halijaulizwa.